Jinsi Nilivyoitafuta Historia ya Stendi ya Ruiru

Jumatatu, 1 Septemba 1958

Vita! Kamati ya soko imetangaza kwamba stendi ya basi itatolewa hapa juu ya mlima, mbele ya hoteli ya Magdalene, ipelekwe chini karibu na daraja, mbele ya duka jipya la Gachanja. Duka la mawe. Rangi ya kijani mpaka macho yanauma! Basi likiacha kusimama hapa, Magdalene atamuuzia nani chai? Kunguru? Ni mjane, ana mama mzee, na mandazi yake ndiyo yanayonishikilia duniani. Mimi natengeneza baiskeli kwenye ukuta wake, kwa hiyo na mimi jambo linanihusu. Kidogo tu.

Mwenyekiti, Mwalimu Githinji, kasema anayepinga alete ushahidi Jumamosi kwamba stendi ilikuwa hapa tangu zamani. Ushahidi wa maandishi au picha, si domo la hotelini. Nikamwambia ataupata hadi achoke. Mtu aliyefika vitani Burma akarudi na vidole vyote hawezi kushindwa na historia ya basi.

Jumanne, 2 Septemba

Utafiti umeanza. Nimekwenda Thika, ofisi ya mabasi. Karani anaitwa Kilonzo, kijana wa tai. Nikamwambia naandika historia, anipe vitabu vya zamani. Akanitazama kuanzia chini, akakwama kwenye viatu. Kasema vitabu vya kabla ya vita vililiwa na mchwa. Vyote? Vyote. Nikamwambia basi aniitie huyo mchwa, maana ndiye peke yake aliyesoma humu ndani. Nikatolewa nje.

Nikarudi kwa wazee. Mmoja kasema basi la kwanza lilikuwa jekundu, mwingine jeusi. Wa tatu kasema halikuwa basi, lilikuwa lori la mkonge na watu walikaa juu ya mkonge. Wakaanza kutukanana. Nikawaacha na fimbo zao. Utafiti ni kazi ya hatari!

Alhamisi, 4 Septemba

Thika tena. Maktaba ya Wazungu. Askari wa mlangoni kasema Mwafrika haingii. Nikamuuliza, na Mwafrika mwenye ufagio? Kasema huyo huingia. Yawa! Kumbe elimu ina mlango wake. Nikaazima ufagio kwa mama wa ndizi sokoni, nikaingia kifua mbele.

Nimefagia kama mtu anayetafuta pete. Nyuma kabisa, magazeti ya zamani. Rafu ile nimeifagia mpaka mbao zikaomba msamaha. Na hapo nikaiona! Picha. Basi la kale limesimama Ruiru, na nyuma yake ni jiwe lile lile la mbele ya hoteli ninaloegemezea baiskeli zangu. Kando yake mwanamke ana debe mgongoni. Chini kuna Kiingereza, maneno marefu marefu. Sikuhangaika nayo. Picha haina haja ya mkalimani.

Gazeti likaingia ndani ya shati, kwa mkopo. Memsahib wa maktaba akanisifu, akasema nirudi kila Alhamisi. Hakuna alichoniuliza kuhusu kifua changu kunguruma kwa karatasi.

Jumamosi, 6 Septemba

Siandiki vizuri leo. Mkono una hasira.

Watu walijaa. Nikainua picha juu kama bendera. Mwalimu Githinji akavaa miwani, akatazama, akakohoa. Akaniuliza kama nimeona boneti iko wazi. Akaniuliza kama nimeona moshi. Kisha akasoma kile Kiingereza: basi limeharibika njiani. Gachanja akacheka hadi kofia ikaanguka, akasema kumbe fundi Dismas ametuletea historia ya hospitali.

Hapo akasimama Cucu Warigia, bibi yetu sote, mama yake Magdalene. "Kai! Mnamcheka nani? Huyo mwenye debe ni mimi." Akasema basi lile lilikuwa likipanda kutoka mtoni linachemka, na likifika penye jiwe linakufa. Si siku moja. Kila siku ya Mungu! Yeye analeta maji ya rejeta, na abiria wakingoja wanakunywa uji wake. Ndivyo hoteli ilivyozaliwa.

Nikapiga kelele, historia hiyo! Wanawake wakapiga vigelegele. Mwalimu akamshukuru Cucu kwa heshima zote, halafu akasema mabasi ya siku hizi hayachemki. Stendi inahama Jumatano. Imepita.

Magdalene akanimiminia chai, akakataa hela yangu. Afadhali angenitukana.

Hayachemki? Tutaona kama hayachemki.

Jumatatu, 8 Septemba

Mpango uko tayari. Mwanzia, dereva wa basi la asubuhi, hunywa chai Thika kabla ya kuondoka. Mimi nitaingia chini ya basi na kulegeza koki ya rejeta. Kidogo tu. Maji yatadondoka polepole, yaishe hapa juu, penye jiwe. Kamati ione kwa macho. Wanasema mimi ni wa baiskeli tu. Burma nilimshikia taa fundi wa malori miezi mingi. Taa ikishikwa vizuri, ufundi unaingia kupitia mkono.

Jumanne, 9 Septemba

Koki ya siku hizi ni laini mno. Lawama ni ya kiwanda.

Basi limechemka kabla ya mlima. Limekufa chini, mlangoni kwa Gachanja! Nilikuwa ndani, nimekaa kama bwana harusi. Mvuke ukaingia dukani, ile rangi ya kijani ikaanza kumenyuka. Mwanzia akaomba maji, maana ya mtoni ni tope tupu. Gachanja kasema maji hana, ana soda, anunue. Mwanzia akamwambia gari halinywi soda, labda mkewe.

Mara tukamwona Cucu Warigia anateremka mlima, debe mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kama kwenye picha! Nilitaka kulia. Nikatoka mbio nimpokee. Akanisukuma, akasema nisimharibie mwendo. Abiria wakapanda kwa miguu hadi kwa Magdalene. Mandazi yakaisha.

Jumatano, 10 Septemba

Ushindi! Mwanzia kaapa hapiti tena Ruiru bila kujaza maji kwa Cucu. Ofisi ya mabasi imekubali, kamati imenyamaza. Stendi haitoki!

Jambo dogo. Taniboi, msaidizi wa dereva, alipokagua basi alikuta spana imekwama karibu na koki. Spana zangu zote nimezichora jina kwa msumari, herufi kubwa, desturi ya jeshi. DISMAS. Sasa Mwanzia kanipiga marufuku basi lile hadi kufa. Magdalene alinifokea mbele ya watu, akasema ningeua watu na mama yake akiwemo. Halafu akaniwekea andazi. Moja. Lilikuwa la moto.

Jumapili, 14 Septemba

Stendi imejaa baada ya kanisa. Wote wanapanda basi isipokuwa aliyeiokoa stendi. Mwanzia akipita ananipigia honi kunicheka. Nami nampigia saluti.

Magdalene kaniomba nikae nitengeneze baiskeli kwa amani. Nimemwahidi. Lakini Gachanja kapita akasema hata nifanye nini, treni haitasimama kwa ajili ya mandazi.

Treni! Kumbe nayo huenda kwa maji.

Alhamisi naenda maktaba kutafuta picha ya treni, kwa baiskeli. Ufagio ninao. Nimepata na spana kubwa zaidi. Jioni hii nimeichora jina.