Pikapu Yangu na Mizigo ya Mwalimu Restituta

Jumatano, 4 Septemba 2024
Mwalimu Restituta kahamishiwa Tabora! Anaondoka na treni ya Jumamosi. Miaka sita tumekaa meza moja ofisini, hapa Bangwe, na kila siku nasema nitamwambia kesho. Kesho zenyewe zimebaki tatu. Nimejitolea kupeleka mizigo yake stesheni kwa pikapu yangu. Wilfred wa hesabu akauliza kwa sauti, pikapu ipi, ile birika? Ofisi nzima ikacheka. Restituta naye, lakini kidogo.

Alhamisi, 5 Septemba
Kweli inachemsha. Fundi Nikodemu kachungulia rejeta, kasema hayo si maji tena, ni tope la kutu. Yamwagwe yote, iwekwe kulanti, ile dawa ya kupoza injini. Nimwachie gari hadi Jumatatu. Jumatatu! Nimemwambia asihangaike, mimi ni mwalimu wa sayansi. Akasema ndiyo maana anahangaika.

Ijumaa, 6 Septemba
Nimefungua koki ya chini ya rejeta. Yakatoka maji mekundu, mengine yakaniingia kwenye shati. Kulanti ya kijani nimeichanganya na maji kwenye dumu la jikoni, nikatikisa, nikamimina. Fundi nani! Nimekula ugali na dagaa huku nikifanya mazoezi ya maneno ya njiani. Nimeyasema mara nne. Kiti cha pili hakikupinga.

Jumamosi, 7 Septemba
Dumu lilikuwa la mawese. Nilijua nimelisuuza! Lakini Kigoma hii, dumu gani halijabeba mawese? Mafuta na kulanti vimekuwa uji, rejeta ikaziba. Kilimani tukasimama kwenye moshi unaonuka mchuzi. Nilikuwa nimefika kwenye “Mwalimu, kwa kweli…” Wilfred akapita na Noah yake, akapakia kila kitu, na Restituta mwenyewe, akaniuliza kama chakula kimeiva. Restituta aligeuka mara mbili. Nilimpungia mkono wenye grisi.

Alhamisi, 12 Septemba
Likizo fupi imeanza, nyumba imepoa.
Restituta kapiga simu! Kauliza kama nilifika nyumbani salama. Kasema Tabora hana wa kuongea naye. Kasema hii likizo fupi, mbona nisipande basi la kesho, atanipokea stendi, atapika wali.
Basi! Kwa hiyo bado anaamini pikapu yangu haiwezi. Nimemjibu kwa heshima kwamba sipandi basi lolote, nitakuja na gari langu mwenyewe, anipe miezi miwili. Akarudia, miezi miwili? Kisha akasema haya, Mwalimu.
Nadhani nimemshangaza. Nimeshafungua koki.