Akiki Zisizouzwa

Mwaka ule wanaume wa Purbalingga tulishikwa na wazimu wa mawe, na msiniulize nani alianza, maana kila mtu atawaambieni ni jirani yake. Mwalimu mkuu alikuwa na pete tatu za akiki, daktari wa meno nne, na yule mzee wa guta la abiria alivaa jiwe kubwa hivi kwamba ukimpa nauli pungufu unarudi nyuma hatua mbili. Mimi nilikuwa nazo mbili tu, kwa sababu vidole vingine nilivihitaji kwa kulia wali. Watu hata kusalimiana waliacha. Mtu alichomoa tochi mfukoni, akakudaka mkono, akamulika pete yako na kuguna "Mh!" kama daktari aliyeona uvimbe.

Katika mji wa namna hiyo, mtu kama Tarsun hawezi kulala na njaa.

Kabla ya hapo Tarsun aliuza mafuta ya kuotesha nywele, na yeye mwenyewe ana kipara kinachong'aa kuliko akiki zote nilizopata kuziona. Ukimuuliza mbona hajipaki, alijibu kwa huzuni kwamba anawaonea huruma wateja, asije akawamalizia. Watu walinunua. Nawaambieni, walinunua.

Asubuhi moja alikuwa kibandani kwa Rasmini, mjane anayeuza kahawa na tempe za kukaanga, vile vipande vya soya iliyochachushwa, mkabala na stendi ya mabasi. Dereva mmoja wa lori la sukari alikuwa kainamia kijiwe alichouziwa kando ya mto Klawing, tochi mkononi, jasho likimtoka.

"Jogoo!" akapiga kelele. "Jamani, kuna jogoo humu!"

"Wapi? Ah, kweli, mkia ule pale," akasema wa kwanza.

"Na upanga wake mwekundu," akasema wa pili.

"Mbona anawika kabisa," akasema wa tatu, ambaye miwani yake alikuwa ameisahau nyumbani.

Tarsun naye akapewa tochi, akakodoa. Hakuona jogoo, hakuona hata yai. Aliona jiwe la kijani lenye madoa. Lakini aliona pia kwamba wale watatu walikuwa wanagombania kukinunua kwa dereva, na kwamba aliyemuuzia dereva hayupo, hajui, na wala hajasema neno. Kazi yote wameifanya wanunuzi wenyewe!

"Rasmini," akanong'ona, "umeona mambo hayo?"

"Nimeona watu wazima wamenimalizia sukari."

"Nimepata kazi mpya. Nitakuwa nanyamaza tu, watu wananilipa."

"Wewe unyamaze? Basi utakufa maskini, ndugu yangu."

Tarsun akacheka, ila moyoni kulimuuma. Mwanamume huyu, pamoja na utapeli wake wote, alimpenda Rasmini mapenzi ya kweli, ya kukosa usingizi. Alikuwa ameshamposa mara tatu, na mara zote jibu lilikuwa lile lile. "Maneno nimeyachoka," Rasmini alimwambia. "Marehemu aliniachia maneno magunia mazima. Mimi nataka pikapu ya kupeleka tempe zangu soko la Purwokerto, na mwanamume anayeamka alfajiri kuiendesha. Ukiwa navyo vyote viwili, njoo tuzungumze."

Kwa hiyo Tarsun akaanza kutafuta pikapu kwa njia pekee aliyoijua. Alimwendea Kuswari, msugua mawe mwenye mashine ya msasa uani kwake, mtu mpole asiyeongea mpaka aulizwe, na hata akiulizwa anafikiria kwanza. Walikubaliana nusu kwa nusu. Tarsun akaokota mawe mtoni bure, Kuswari akayakata na kuyang'arisha, na wateja walipokuja uani Tarsun aliwapokea kwa sheria moja tu: usimwambie mtu kuna nini ndani ya jiwe. Mwambie haliuzwi, halafu mpe tochi.

Ilikuwa ni ajabu kutazama. Baba wa watu anakuja na akili zake timamu, anaondoka amekumbatia kijiwe chenye sura ya marehemu babu yake, na babu mwenyewe kapigwa picha na kilemba! Tarsun alikuwa anakaa pembeni, kauma ulimi, akisema tu, "Mimi sikusema kitu, mzee. Umeona mwenyewe." Kuswari yeye alisugua mawe yake, akasikiliza, hata Tarsun alipomsimulia habari za Rasmini na pikapu. Ile nusu yake aliipata pia, ila ilikuwa nusu ya sigara. "Subiri kidogo, kaka, tunajenga jina," Tarsun alimwambia kila Ijumaa, na Kuswari akaitikia kwa kichwa.

Sasa pale kijijini kwetu Karangwaru, kilomita chache kutoka mjini, alikuwepo Haji Tohirin, mwenye mashine tatu za kukoboa mpunga na mizani tatu ambazo zote zilimpenda yeye kuliko mteja. Alikuwa amegombea ukuu wa kijiji mara mbili na kushindwa mara mbili. Sisi siku ya kura wagombea hukalishwa jukwaani kwenye viti, kila mmoja na alama yake nyuma, huyu mahindi, yule muhogo, na kijiji kizima kinapita kikiwatazama kuanzia asubuhi mpaka kura zihesabiwe. Haji alama yake mara zote ilikuwa suke la mpunga, na mara zote alikaa pale amekunja uso kama anayesubiri kung'olewa jino. Nani atampa kura mtu wa hivyo?

Tarsun alimfuata kinuni wiki moja kabla ya kura ya tatu.

"Umekuja kukoboa?" Haji akauliza.

"Ndiyo, Haji."

"Mpunga wako uko wapi?"

"Bado uko shambani, kwa mwenyewe." Akajipapasa mfuko, kama bahati mbaya, kitambaa cheusi kikachungulia.

"Hiyo nini hiyo?"

"Samahani, Haji, hii haiuzwi."

Maskini Haji! Neno hilo kwake lilikuwa kama harufu ya nyama choma kwa mtu aliyefunga. Tochi yake ilitoka kabla kitambaa hakijafunguliwa. Akainama. Akageuza jiwe. Akaligeuza tena.

"Naona miguu," akasema polepole. "Miguu minne."

Tarsun kimya.

"Ni mbuzi huyu?"

Hapo Tarsun kijasho chembamba kikamtoka, maana mbuzi hana bei. "Haji," akasema kwa upole, "kwani mgongo wa mbuzi umesimama hivyo?"

"Hapana, wewe. Umepanda juu, umenyooka..." Haji akashika kifua. "Astaghfirullah! Kiti!"

"Mimi sikusema kitu."

"Na kuna mtu kakaa! Mtu mnene kiasi, mwenye heshima zake!"

"Haji, mbele ya mashahidi, mimi sikusema kitu."

"Na nyuma yake hapa, hebu tazama, ni nini hiki kama si suke la mpunga?"

Wapagazi watatu wa kinuni waliitwa watazame, na wote watatu, kwa kuwa Haji ndiye aliyewalipa mishahara, waliona suke, kiti, na Haji. Mmoja hata alihesabu punje. Jioni hiyo hiyo Tarsun aliondoka Karangwaru akiendesha pikapu ya Haji, ya bluu, matairi mazuri, kadi ya gari mfukoni.

Alikwenda nayo moja kwa moja kwa Rasmini, akapiga honi mpaka stendi nzima ikageuka. Rasmini akaizunguka, akagonga bodi kwa kiganja, akachungulia chini.

"Ni yako kweli?"

"Kadi hii hapa."

Rasmini akaisoma kadi mpaka mwisho. Halafu akasema, "Nipe muda nifikiri. Nitakujibu."

Mtu mwenye akili angekwenda nyumbani akalala vizuri, akaamka alfajiri. Lakini Tarsun hakulala, kwa sababu ya mambo yaliyotokea Karangwaru.

Haji Tohirin alishinda!

Na alishinda vibaya mno, wenzake waliambulia kura za mashemeji. Toka apate lile jiwe alikuwa mtu mwingine. Hakuhangaika tena, kwani kiti si ameshakiona kwa macho yake? Alianza kucheka na watu. Alisalimia hata wenye madeni. Mizani alizirekebisha mwenyewe, akisema mkuu wa kijiji hawezi kula punje za watu wake. Siku ya kura alikaa jukwaani kwa raha zake, kidole cha pete mbele, na mimi nilimtazama nikasema moyoni, mtu asiye na hofu namna hii lazima kuna jambo analijua. Nikampa kura yangu. Na si uongo, baadaye mfereji wa mashamba uliokufa miaka minane aliufufua kwa wiki tatu.

Habari za ushindi huo zilimchanganya Tarsun. Alizunguka na pikapu yake mji mzima akijisemea peke yake. Jiwe lilisema kiti, na kiti kimekuja! Basi amekuwa akiuza bahati halisi kwa watu, yeye bwege, kwa sababu hana macho! Mtu aliyewapiga changa la macho watu mia mbili sasa alianza kulitafuta hilo changa mwenyewe, alipake kwa mikono miwili.

Akaenda kwa Kuswari.

Kuswari alikuwa anafuta kijiwe kimoja kwa ganda la mwanzi, taratibu. Alipomwona Tarsun akakifunika kwa kiganja.

"Nini hicho?" Tarsun akauliza.

Kuswari akafikiria. "Hiki hakiuzwi."

Nyinyi mnaosoma mmeshacheka. Tarsun hakucheka. Akaomba tochi.

Aliinama pale muda mrefu. Mwanzoni aliona madoa, kama kawaida yake. Halafu, labda kwa kutopepesa macho, labda kwa siku nane za kusubiri jibu la mwanamke, doa moja likawa bega. La pili likawa mtandio.

"Kuswari... hili ni sinia, au siyo?"

"Sijui. Mimi sikusema kitu."

"Ni sinia! Kabeba sinia la tempe! Na hapa anacheka. Kuswari, ni Rasmini huyu!" Machozi yakamlenga. "Ameandikwa humu. Mwenye jiwe hili ndiye mumewe, hakuna wa kupinga."

"Labda," akasema Kuswari.

"Niuzie."

"Hakiuzwi."

"Nitakupa chochote!"

Kuswari akafikiria sana. Akazima mashine, akafikiria tena. Mwishowe akatazama mlangoni, kule ilikosimama pikapu ya bluu, akashusha pumzi kama mtu anayeonewa.

Tarsun alisita kidogo, tuseme ukweli. Lakini hesabu yake ilikuwa nzuri. Gari, mwanamke anaweza kulikataa. Yaliyoandikwa katika jiwe atayakataaje? Akatoa funguo, akatoa kadi, akatia sahihi. Akarudi kwa miguu akiimba.

Kwa furaha alilala fofofo mpaka saa nne asubuhi. Alipofika stendi kibanda kilikuwa kimefungwa. Akasubiri juani, jiwe mfukoni, mpaka adhuhuri pikapu ya bluu ilipoingia ikiwa na matenga matupu nyuma. Kuswari alikuwa kwenye usukani. Kando yake alikaa Rasmini, mtandio umejaa vumbi la barabarani, uso umechangamka.

"Rasmini! Unafanya nini humo?"

"Natoka Purwokerto. Tempe zimeisha zote, hata za kuonja."

"Lakini uliniambia unafikiri!"

Rasmini alishuka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Tarsun zaidi.

"Nilifikiri siku nane, Tarsun. Jana usiku nikaamua. Nikasema, huyu ni muongo, lakini gari ameleta, amejitahidi, nitamkubali. Leo alfajiri nikasikia pikapu imesimama nje. Nikajifunga mtandio wangu mzuri nikafungua mlango." Akamgeukia Kuswari, ambaye alikuwa anapanga matenga. "Akashuka yeye. Akasema, 'Nimeona utahitaji kubebewa.' Hayo tu. Akaanza kupakia."

Tarsun akageuka kuondoka. Kisha akakumbuka. "Hapana, hapana, ngoja! Umo humu!" Akachomoa jiwe, akamtilia tochi mkononi. "Tazama. Bega, mtandio, sinia. Unacheka kabisa!"

Rasmini alitazama. Alitazama vizuri, aligeuza huku na huku, maana alikuwa mwanamke wa haki.

"Tarsun," akasema, "mimi naona jiwe."

Mwezi wa nane walioana, Rasmini na Kuswari, na Haji Tohirin ndiye aliyesimamia shughuli, kwa kicheko kikubwa. Na mwisho wa mwaka ule bei ya mawe ilianguka puu! Watu walivua pete zao wakaona aibu, wakawapa watoto wachezee kete.

Baada ya harusi hiyo, ila kabla bei haijaanguka, bwana mmoja tajiri kutoka Jakarta alisimamisha gari lake refu jeusi mbele ya Tarsun, akaliomba lile jiwe, akalimulika. Akashika kifua.

"Ua la okidi! Kamili, na umande wake! Kijana, taja unachotaka. Nyumba? Gari kama hili?"

Tarsun niliyemjua mimi angesema haliuzwi, akauma ulimi, akangoja. Nilikuwepo, nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa, nikamwona akimnyang'anya yule bwana jiwe lake na kulifuta mwanga wa tochi kwa shati, kama umemchafua.

"Okidi gani?" akafoka, sauti ikimkatika. "Huna macho wewe? Mtu mzima unamulika mke wa mtu hadharani!"