Nyota Mbili za Mudathir

Jumatatu, 9 Juni 2025
Bosi Demetria katangaza: Alhamisi tunaonyesha kazi kwenye kituo cha afya, Madale. Atakayeng'ara ndiye kiongozi wa kitengo. Ama mimi Adelard, ama Mudathir. Dreva nimeandika mie: programu inayoficha mafaili ya wagonjwa, ikichagua kwa jina la faili. Mama mwenye nyumba bado anadhani naendesha lori. Leo nimeongeza kimya kimya: mudathir*. Hiyo nyota ni badala ya herufi zozote. Afungue kompyuta mbele ya watu, asikute kitu!

Jumanne, 10 Juni
Nimejaribu. Mafaili yake yote yapo, yananitazama. Nikamuuliza Mudathir mwenyewe, kijanja, bila kutaja ishu. Kumbe kompyuta yenyewe hugeuza majina ya mafaili kuwa herufi kubwa kabla ya kulinganisha. Mie niliandika ndogo. Kanielekeza, kaninunulia na chai. Mjinga! Nimeandika upya: *MUDA*. Nyota mbele, nyota nyuma. Haponi.

Alhamisi, 12 Juni
Tumeiweka dreva kwenye kompyuta zote za kituo, imekubali! Mudathir kasimama mbele ya waganga, faili lake halipo. Jasho. Nikakohoa kuficha kicheko. Mara Sista Yuliana akatoka wodini mbio. Faili la MUDA WA DAWA halionekani. MUDA WA SINDANO pia! Kuna mzee wa kisukari kitandani, haijulikani kadungwa saa ngapi. Akauliza kwa sauti, "Nani kagusa kompyuta zangu?" Nilijua ni nyota zangu. Nikainama kufunga kamba za kiatu. Mudathir akaketi, akasoma mistari ya dreva yangu, akazikuta nyota. Akanitazama kidogo. Akazifuta. Mafaili yakarudi, mzee akapata sindano yake.

Ijumaa, 13 Juni
Mudathir ndiye kiongozi. Bosi alipouliza kosa la nani, akajibu kwamba nyota humtelezesha mtu, hata yeye imeshamtokea. Hakunitaja. Kwenye ngazi akaniambia taratibu, "Braza, siku nyingine sema mapema. Yule mzee angekufa." Nimejisikia vibaya hadi saa ya chakula. Kisha nikaelewa: anajifanya mwema ili mie nionekane mbaya.

Jumamosi, 14 Juni
Nimetafakari sana. Kosa ni la nyota, inameza kila kitu. Alama ya kuuliza ina adabu: alama moja, herufi moja yoyote. Folda ya Mudathir inaitwa Mudathir tu, herufi nane. Nimeandika ????????. Safari hii hadhuriki mwingine. Bosi kapiga simu, anataka dreva mpya ianzie kwenye kompyuta yake. Kazi zake zote ziko kwenye folda moja, nayo inaitwa Demetria tu. Nimemwekea dreva. Jumatatu atanishukuru.