Salamu za Mafuta Mapya

Jumatatu, 9 Juni 2025
Bwana Badrudin, bosi wetu wa duka la mafuta, ametangaza. Jumamosi atamwajiri mmoja wetu, mimi au Winfrida, akae na kompyuta ya duka moja kwa moja. Winfrida ana diploma. Mimi nina mbinu. Kazi ya kwanza ni kuwatumia wateja ujumbe kwamba mafuta mapya ya alizeti yamefika. Nimejitolea kabla Winfrida hajameza chai yake.

Jumanne, 10 Juni
Nimejifunza kitu kwenye simu: fanksheni isiyo na jina. Yaani kipande cha programu unachokiandika papo hapo, bila kukibatiza. Nimeipenda. Winfrida hawezi kuiba kitu asichojua kukiita. Mzunguko, yaani amri inayojirudia, unapita kwa wateja wote na kumtengenezea kila mmoja fanksheni yake, ishike salamu inayomfaa, isubiri asubuhi itume. Wazee, shikamoo. Kina mama, habari za nyumbani. Mwisho wa orodha nimemweka rafiki yangu Kalpesh: "Oya mwanangu, mafuta mapya yapo, usilete uzembe." Nimeijaribu kwa Kalpesh peke yake, imefika. Winfrida akauliza kama nimejaribu na wengine. Wivu mtupu.

Jumatano, 11 Juni
Balaa. Wateja wote wamepata salamu ya Kalpesh. Wote! Mzee Alute wa Sepuka, anayetuletea alizeti tangu bosi akiwa kijana, ameitwa mwanangu na kuonywa asilete uzembe. Amepiga simu kumuuliza bosi tangu lini wamelingana, na kusema alizeti yake ataipeleka kwingine. Bwana Badrudin hakufoka. Alivua miwani akaifuta muda mrefu, na hilo ndilo lililoniuma. Niliulaumu mtandao.

Alhamisi, 12 Juni
Winfrida amenielekeza bila kunicheka. Nilitamani anicheke. Anasema fanksheni haikushika salamu, ilishika kisanduku chenye salamu. Hiyo ndiyo klosha: fanksheni pamoja na kisanduku inachoendelea kukikumbuka. Mimi nilikiweka kimoja, nje ya mzunguko, kikawa cha wote. Kila salamu mpya ikaifuta iliyotangulia. Asubuhi fanksheni zilipochungulia, zilimkuta Kalpesh tu. Akakihamishia ndani, kila mteja akapata chake. Mstari mmoja! Nikamwambia nilikuwa karibu kuuona.

Ijumaa, 13 Juni
Nimeenda Sepuka kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno. Nikainama, nikampa Mzee Alute shikamoo yake. Akaniacha nikiwa nimeinama kwanza, ndipo akasema marahaba. Akauliza mimi ni mtoto wa nani, akanipa ugali na mlenda, akacheka mpaka akakohoa. Alizeti inakuja kwetu. Wakati wa kurudi machozi yalinitoka. Dereva nikamwambia ni upepo.

Jumamosi, 14 Juni
Kompyuta amepewa Winfrida. Mimi bosi amenibakiza niwe nawatembelea wakulima na kuwasalimia kwa mdomo. Anasema, Leonidas, hapo una kipaji. Nimeumia, lakini nimebaki.

Jumatatu, 16 Juni
Winfrida yuko Misigiri kwenye harusi ya dada yake. Bosi anataka pole ziende kwa wateja waliofiwa na hongera kwa wenye harusi. Nimemwambia aniachie mimi. Nimefungua programu nikakuta kila mteja ana kisanduku chake. Ubadhirifu! Nimekitoa nje, kimoja kinawatosha. Nimeanza na wafiwa, kwa heshima, nikamalizia na harusi. Zinatoka kesho asubuhi. Bosi ataona mwenyewe nani alistahili ile nafasi.