Hereni za Vifuu

Jumatatu, 2 Agosti 1993
Wiki ya pili sasa Rukaiya yuko kwao Chanika. Nyumba hii ya Ukonga imenyamaza mpaka nasikia mchwa wakila mlango. Kosa langu nini? Niliuza hereni zake za dhahabu, nikanunua msasa na vanishi vya kung'arishia vifuu niuze mapambo. Mke hakusubiri maelezo! Nimeona kwa macho yangu Wazungu pale hotelini Mbezi Beach wakigombea mapambo ya mbegu na vifuu. Eti hayaharibu dunia. Wakivaa Wazungu leo, Chanika watavaa kesho.

Jumatano, 4 Agosti
Gulioni Chanika. Nimetandaza hereni za vifuu na mikufu ya mbegu za komwe. Kando yangu jirani yangu Leodegar, na mapambo yake ya Dubai yanayong'aa kama sufuria mpya. Wanawake wote kwake! Nikatangaza kwamba yangu hayadhuru mtu wala mti. Bibi mmoja akasema kifuu yeye huwashia moto, sasa avae kuni masikioni? Mwenzake akasema hawezi kununua takataka za uani kwake mwenyewe. Leodegar akanipa pole. Pole yake imeniuma kuliko vicheko vyao.

Ijumaa, 6 Agosti
Baada ya sala, nimekwenda kwa mkwe wangu, mzee Mbwana, na mkufu wa komwe ulio bora kuliko yote. Zawadi ya Rukaiya. Mwenyewe hakutoka. Akamtuma shangazi yake aniambie nirudi na hereni zake za dhahabu, la sivyo nisirudi. Mkufu ukabaki barazani. Mzee akaugeuzageuza, akausifu sana. Moyo ukaniruka! Kisha akachukua kisu, akakata uzi, akazimwaga komwe kwenye bao lake. Kumbe kete zilikuwa zimempungukia. Akanikaribisha tucheze. Nimefungwa kila mchezo, na sikuondoka mpaka giza, maana dirisha la Rukaiya lilikuwa mgongoni mwangu. Nilimsikia akicheka. Nimekikosa kicheko kile kuliko hata wali wake.

Jumapili, 8 Agosti
Nimechemsha muhogo. Kwa mazoea nimepakua sahani mbili, ya pili nikaifunika. Upweke ni mbaya, jamani.

Lakini nimetafakari, na kosa nimelibaini. Uzi! Ungekuwa waya wa shaba, kisu cha mzee kisingefua dafu. Nitamtengenezea Rukaiya mkufu mwingine, wa kufika kiunoni. Akiuona tu, atarudi. Waya ni ghali, ila cherehani yake iko pale pembeni, haina kazi tangu aondoke. Leodegar anakuja kuichukua kesho asubuhi.