Kitabu cha Karanga cha Mwaka 1950

Jumanne, 6 Julai 1999
Kitabu changu kimepotea jana mchana, juu ya kabati la duka langu. Kitabu cha uchumi, cha mwaka 1950, cha Wazungu walioleta matrekta hapa Nachingwea kulima karanga wakashindwa! Marehemu baba alikiokota kambini walipoondoka. Jumamosi anakuja Dokta Winfrida wa chuo kikuu, anakusanya vitabu adimu vya historia ya uchumi. Anayetoa kitabu, jina lake linabandikwa ndani, linakaa maktaba milele. Mimi, wa darasa la saba, niliyeanza na beseni la dagaa! Mwizi namjua. Kipriani, mwalimu mstaafu wa Mnero. Naye ana kitabu cha kutoa. Cha 1962. Changu kinakizidi miaka kumi na miwili.

Jumatano, 7 Julai
Baiskeli hadi Mnero. Nikajidai nimepita kusalimia. Kipriani kanikuta nimezamisha mkono kwenye rafu yake. Akauliza kama siku hizi Nachingwea mnasalimia vitabu kwanza, mwenye nyumba baadaye. Changu hakipo.

Alhamisi, 8 Julai
Nimekipata! Sokoni. Kimefungiwa karanga! Ukurasa wa 41, mkononi mwangu, wa moto. Muuzaji ni Koleta, mdogo wa mke wangu. Akasema shemeji usinifokee, si wewe Jumatatu uliniambia nichukue makaratasi ya zamani juu ya kabati? Nilimaanisha magazeti! Kurasa zote ameshauza. Jalada kawashia jiko.

Ijumaa, 9 Julai
Akili haijaniisha. Nimetangaza: atakayeleta karatasi ya kitabu, pipi moja. Asubuhi zimekuja thelathini na moja. Zina mafuta, zinasomeka. Mchana watoto wakajaa mpaka barazani. Alasiri ndipo nikashtuka: wanachana ukurasa mara nne, pipi nne! Nikauliza nani kawafundisha wizi huu. Wakasema siyo wizi, mzee, hesabu. Jumla vipande 94. Pipi kopo zima, kwisha.

Jumamosi, 10 Julai
Dokta kaja. Kacheka mpaka kavua miwani. Kipriani kakabidhi chake, jina likabandikwa palepale, na akanikonyeza! Nikajua nimekwisha. Kumbe Dokta hata vipande anavitaka. Akasema vitabu vya karanga anavyo, kilichofungia karanga hana. Vyote bahasha moja, jina langu moja.
Moja! Sawa na Kipriani? Yeye kaleta kitu kimoja, mimi 94! Bahasha nimeirudisha kabatini. Nimemwambia nataka majina 94, ajibu ndiyo au hapana, asinizungushe. Yuko gesti mpaka Jumatatu. Mkasi ninao, akikawia, vitakuwa 188. Jibu, Dokta! Jumatatu, saa sita kamili mchana.