Mtoto Hawezi Kuwa na Mtoto

Gari la Idara ya Ujumuishi lilikuwa limeshatoka getini, mlango wa nyuma bado unapigapiga, pale kipaza sauti cha juu ya paa kilipotangaza habari njema: "Wananchi! Kuanzia leo, hakuna mtu mwenye ulemavu wa akili atakayezeeka tena! Idara imesitisha!"

Sauti ile ilikuwa yangu. Cheo changu ni Afisa Msindikizaji Daraja la Pili. Nimezunguka miji mingi, nimelala kwenye mabenchi ya stesheni zaidi kuliko vitandani, na kote huko sijaona ofisi nyingine iliyokomesha uzee kwa waraka mmoja.

Waraka wenyewe ulikuwa mfupi na mtamu. Mkurugenzi aliagiza kila mwenye ulemavu wa akili ahesabiwe kuwa mtoto, siku zote, ili apendwe. Faida zikaonekana hapohapo. Mtoto hapandi presha. Mtoto haumwi magoti, na meno yakimng'oka ni ya utoto, yataota mengine. Kwa hiyo daktari wa wazee hakuhitajika tena kwa watu hawa, na chumba chake tukakigeuza ukumbi wa mikutano.

Ndani ya gari, karibu na dirisha, alikaa mtoto wetu wa kwanza. Mtaani wanamwita Mjomba. Ana mvi kichwani, mvi kifuani, na nyingine zinamchungulia masikioni. Pembeni yake alikuwa dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa na hajaacha kumtangulia.

"Tunakwenda wapi?" Mjomba akauliza.

"Kliniki ya watoto," nikamjibu, kwa ile sauti laini tuliyofundishwa semina.

"Nani mgonjwa?"

"Wewe."

"Mimi naumwa macho. Mtoto ni nani?"

"Wewe."

Akaninyooshea mikono. "Basi nibebe."

Shida ilikuwa hayo macho. Mjomba hufanya kazi kwa fundi viatu: anapiga rangi, anapanga jozi, anawapa wenyewe. Sasa wateja walikuwa wakiondoka na kiatu cheusi mguu huu na cha kahawia mguu ule, na mmoja alifika kazini na viatu viwili vya kushoto, akatembea kama kaa. Fundi alisema wazi: kiti cha Mjomba kipo mpaka mwisho wa mwezi, macho yakikataa ataweka mtu mwingine. Mjomba hakuwa na ombi lingine duniani ila kiti kile.

"Nikikaa nyumbani nitaoza," alimwambia dada yake mle garini. "Na wewe sikuoni siku hizi. Umebaki sauti. Na sauti yenyewe ni ya kugomba."

"Nyamaza," dada akasema, akamfuta jasho.

Kliniki, nesi alimtazama Mjomba, akanitazama mimi, kisha akaitazama mizani iliyoning'inia darini, ile ya kumvisha mtoto kaptula ya kitambaa.

"Huyu nimning'inize?"

"Ndivyo waraka unavyosema."

"Waraka ndio utakaoshika dari?"

Tukaafikiana Mjomba aivute mizani kwa mkono. Mshale ukaenda mpaka namba zikauishia. Nesi akaandika kilo ishirini na tano, anaendelea vizuri.

"Mama, mtoto anakaa mwenyewe?" akamuuliza dada.

"Anakaa."

"Anatambaa?"

"Siku ya harusi ya binamu yetu alikunywa, akatambaa."

Alipomaliza kuandika, nesi alifanya jambo lisilokuwemo kwenye waraka. Alimshika Mjomba mkono, akampeleka kwa daktari wa macho mwisho wa korido. Daktari akammulika, akaandika mstari mmoja: ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, apasuliwe mapema.

"Ni kazi ndogo," daktari akasema. "Idara ikisaini, wiki hii hii ataona."

Nikaupeleka mstari ule kwa Mkurugenzi. Ukutani kwake pametundikwa maneno "Mtoto hakui kwa mama yake," ambayo kwetu si methali, ni sera. Nywele alizipaka dawa nyeusi mpaka ngozi ya shingo. Miwani hakuwa nayo, maana miwani ni ya wazee.

"Nisomee," akasema. Mkubwa hasomi, husomewa.

"Ana mtoto..."

"Simama hapo hapo! Nani ana mtoto?"

"Mtoto, mheshimiwa."

"Mtoto ana mtoto?"

"Wawili, mheshimiwa. Mmoja kila upande."

Akajishika kichwa. "Mama yao ni nani?"

"Haikuandikwa. Ila ni wa jicho, mheshimiwa."

"Wa jicho, wa nje, wa kambo, mtoto ni mtoto! Nimesaini kwamba huyu ni mtoto. Mtoto hawezi kuwa na mtoto!"

Sikuona kosa kwenye hoja hiyo. Jioni ileile ikaundwa Kamati ya Kuchunguza Mtoto wa Mtoto, mwenyekiti Mkurugenzi, katibu mimi. Upasuaji ukasimamishwa, kwa kuwa kuwatoa watoto mahali wanapoishi bila kumsikiliza mama yao ni ukatili.

Siku chache kabla mwezi haujaisha, dada na Mjomba wakaitwa ukumbini. Nesi naye akaja, kama shahidi wa uzito.

"Mama," Mkurugenzi akaanza, "watoto wako wapi?"

"Watoto gani?"

"Wa huyu mtoto."

"Si wako machoni!"

"Machoni pa nani?"

"Pake."

"Wamelala?"

"Wamelala humo mwaka wa pili sasa, ndiyo maana haoni! Baba, wewe umesoma kweli?"

Nikaandika: watoto wanalala mno.

Dada akasimama. Sauti ile ya kugomba sasa ilikuwa inatetemeka. "Mimi nimezeeka. Leo nipo, kesho sipo. Ndugu yangu akipofuka, nani atamshika mkono? Ana kazi, ana watu wanaomheshimu. Ni mtu mzima huyu! Mkimwita mtu mzima, atapasuliwa?"

"Naam," Mkurugenzi akasema.

"Basi mwiteni!"

"Kuna kipimo, mama." Akaniashiria. Nikasoma kifungu cha mwisho cha waraka: mtu mzima ni yule awezaye kutaja picha zilizopo ukutani bila kusaidiwa, asiyeweza, awe nani, ni mtoto. Zilikuwa jogoo, ndoo na mwavuli, kubwa kama milango.

Mjomba akakodoa macho. "Kwani kuna ukuta?"

"Amefeli," Mkurugenzi akasema.

"Atazionaje kabla hajapasuliwa?"

"Atapasuliwaje kabla hajawa mtu mzima?"

Nikaandika kwamba maswali yote mawili ni mazuri.

"Mbona kitu chepesi hiki!" Mkurugenzi akasema, akainuka, kifua mbele. Akanyoosha kidole kwenye mwavuli. "Jogoo." Akakipeleka kwenye jogoo. "Mwavuli, tena umefunguliwa." Halafu akaielekea ndoo, akaipita, kidole kikatua kwenye saa ya ukutani. "Na ile pale ni ndoo."

Dada akamnong'oneza Mjomba, "Hiyo ni saa." Nesi alitazama sakafu. Mjomba ndiye aliyesema.

"Mzee, wewe nawe una ukungu?"

"Ukungu gani? Taa mbovu."

"Mimi pia nilianza na taa. Nikabadilisha balbu." Akapapasa mpaka akampata, akamshika mkono. "Usiogope. Hata mimi nililia mwanzoni. Ukitoka niambie, mlangoni pana ngazi."

Dada akanigeukia. "Katibu. Andika."

Mimi ni mtumishi mwaminifu. Idara yetu ni ya ujumuishi, na waraka ulisema "awe nani." Nikaandika. Tangu alasiri hiyo Mkurugenzi ni mtoto, ili apendwe. Na kwa kuwa mtoto hasaini, kila alichosaini kikabatilika, pamoja na zuio la upasuaji. Wapo waliosema hata waraka uliomfanya mtoto umeanguka, kwa hiyo si mtoto. Swali hilo limeundiwa kamati.

Daktari wa macho hakuingoja. Alimuuliza Mjomba mwenyewe: "Unakubali nikupasue?"

"Nakubali. Ila usinining'inize."

Mjomba alipasuliwa jicho moja, baadaye la pili. Siku ya kufunguliwa bandeji alimtazama dada yake muda mrefu, akasema, "Umezeeka." Dada akasema, "Na wewe." Mjomba ana presha pia, na anameza vidonge. Amerudi kwenye kiti chake kwa fundi viatu, na wateja wanatembea kama watu. Dada magoti yanamsumbua. Mjomba ndiye humpeleka hospitali. Nesi amehamishiwa ukumbi wa mikutano, ambao siku hizi una daktari wa wazee ndani yake. Mimi nimepandishwa Daraja la Kwanza, bila gari.

Mkurugenzi anahudhuria kliniki ya watoto kila Jumanne. Ana kilo ishirini na tano, anaendelea vizuri. Daktari amemkuta na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na suala lake limepelekwa kwenye Kamati ya Kuchunguza Mtoto wa Mtoto. Kamati haiwezi kukaa mpaka mwenyekiti asaini, na mwenyekiti ni yeye.